Nawezaje kupata kazi ya msimu katika ranchi ya wageni huko Wyoming, Montana au Colorado?

Binti_wa_Mifugo aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu ninyi wengine.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha jamii huku Minnesota. Nina umri wa miaka 21 na ninaishi Marekani kwa kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo suala la kibali cha kazi halinisumbui. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikihudumu katika mkahawa kila Jumamosi na Jumapili. Kiangazi kijacho ningependa kukitumia katika mojawapo ya zile ranchi za milimani ambako wageni hukaa wiki nzima, wakapanda farasi mchana na kula meza moja jioni. Nimelelewa na wafugaji. Ng'ombe na punda ninawajua vizuri, ila farasi nimempanda mara tatu tu, na mara zote tatu kamba yake ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mwezi Mei mwaka huu nilituma maombi kwa ranchi nne, yote kwa nafasi ya kuongoza farasi. Moja ilinijibu kwamba nafasi zimejaa, na tatu hazikujibu kabisa. Muhula wangu huisha katikati ya Mei, na unaofuata huanza wiki ya mwisho ya Agosti. Naomba mwenye uzoefu anieleze nilikosea wapi, na nifanye nini kuanzia sasa ili mwakani nisirudie yale yale.

Mzee_wa_Hatamu alijibu:

Marahaba, binti. Nimefanya kazi hiyo misimu sita, minne Wyoming na miwili Arizona, na katika misimu yangu ya mwisho nilikuwa nikiketi na msimamizi wa zizi tukipitia maombi ya wanaotaka kuja. Kwa hiyo naweza kukueleza barua yako inavyosomwa na mtu aliye upande wa pili wa meza.

Kosa la kwanza ni mwezi. Katika ranchi za kaskazini, yaani Wyoming, Montana na hata milima ya Colorado, wafanyakazi huwasili katikati ya Mei, wageni wa kwanza huingia mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na shughuli huendelea hadi mwisho wa Septemba, pengine hadi Oktoba theluji isipowahi. Mwenye ranchi huanza kufikiria watu wa msimu ujao mara tu anapofunga ule uliopita. Kwanza huwauliza wa zamani nani atarudi, kisha huanza kupokea maombi mapya, na sehemu kubwa ya nafasi hujazwa kati ya Januari na Machi. Barua yako ya Mei ilifika wakati wenzako wanajifunza njia za mlimani. Tuma Desemba, au mapema Januari, na usishangae ukijibiwa baada ya wiki tatu, kwa kuwa ranchi nyingi ni za familia na anayesoma maombi ndiye huyo huyo anayelisha farasi wakati wa baridi.

Kosa la pili ni la tarehe, na hili ndilo ambalo vijana wengi hawalioni. Vyuo vingi vya Marekani hufunguliwa katikati au mwishoni mwa Agosti. Wakati huo ranchi bado ina wageni tele. Septemba huja wazee na watu wasio na watoto wa shule, na ziko ranchi ambazo wiki za Septemba hupokea watu wazima peke yao. Sasa fikiria ranchi ya wafanyakazi 30 ambamo nusu yao ni wanafunzi wanaofunga mizigo siku zile zile. Mwenye ranchi akikuta maombi mawili, moja la mpanda farasi hodari atakayeondoka Agosti 18, na jingine la mtu wa kawaida atakayebaki hadi Septemba 30, mara nyingi atampigia simu yule wa pili kwanza. Nimeyaona hayo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo nenda kwa mshauri wako wa chuo umuulize kama unaweza kusoma muhula wa vuli kwa mtandao, au kuchukua zile kozi fupi zinazoanza Oktoba ambazo vyuo vingi vya jamii huwa nazo. Ukipata hata wiki nne za ziada, ziandike katika sentensi ya kwanza ya barua yako. Usiahidi Septemba kisha ukaondoka Agosti. Ziko ranchi zinazotoa nyongeza ya fedha kwa anayemaliza mkataba wake, na anayekatiza huikosa; lakini kubwa zaidi ni kwamba wenye ranchi hufahamiana, na mwakani utakapomtaja huyo wa kwanza kuwa mdhamini wako, atapigiwa simu.

Sasa tuje kwa farasi. Kupanda mara tatu hakutoshi kuwa mwongoza farasi, na siku utakapofika watakujua kabla hujakaa kwenye tandiko. Watatazama umemkaribia mnyama kutoka upande gani, umesimama wapi unapokaza mkanda wa tumbo, na kama umeukagua tena baada ya hatua chache, maana wako farasi wanaojaza kifua hewa wakati wa kufungwa, na mkanda uliokuwa umekaza unalegea mara wanapoanza kutembea. Kisha utapewa kundi la wageni sita au wanane, baadhi yao hawajawahi kugusa farasi maishani, uwaongoze kwenye njia ya mawe huku ukitazama nyuma mara nyingi kuliko mbele. Mwenye ranchi anafikiria uhai wa wale watu, pamoja na bima yake.

Hata hivyo, usiidharau hiyo habari ya punda. Mtu aliyelelewa na punda anajua masikio yaliyolala nyuma yanasema nini, anajua mahali pa kutosimama, na hana haraka. Hayo ni vigumu kuyafundisha katika wiki mbili za Mei. Yaandike jinsi yalivyo, bila kuyageuza kuwa ustadi wa farasi. Na kuanzia sasa hadi Mei una miezi ya kutosha: tafuta masomo ya kupanda kwa tandiko la Kimagharibi, ambalo hatamu hushikwa kwa mkono mmoja na farasi hugeuka kwa kuhisi hatamu shingoni, si kwa kuvutwa mdomo. Kama masomo ni ghali, viko vituo vinavyotumia farasi kuwasaidia watu wenye ulemavu, na vituo hivyo hutegemea sana watu wa kujitolea wa kutembea kando ya farasi, kuwaswaki na kuwafunga matandiko. Miezi minne hapo, mara moja kwa wiki, ina uzito kuliko cheti chochote, na inakupa mdhamini anayejua farasi.

Ukitaka kujua kwa nini wenye kazi hii wana msimamo mkali juu ya desturi zao, kumbuka kwamba ni kazi ya zamani. Ndugu wa familia ya Eaton walianza kupokea wageni wa kulipa huko North Dakota katika miaka ya 1880, wakahamia Wyoming mwaka 1904, na ranchi yao ipo hadi leo chini ya milima ya Bighorn. Chama cha wenye ranchi za wageni, Dude Ranchers' Association, kiliundwa mwaka 1926. Kina orodha ya ranchi wanachama, na hiyo ni pa kuanzia pazuri. Tovuti ya CoolWorks nayo hutangaza kazi nyingi za msimu za aina hii. Katika matangazo hayo kazi unayoitaka huandikwa "wrangler", kwa hiyo tafuta kwa jina hilo.

Dada_wa_Jikoni alijibu:

Mzee wangu amesema kweli, lakini mimi ningemshauri mdogo wangu aache kabisa kuomba nafasi ya farasi kwa msimu wa kwanza. Nimefanya misimu miwili Colorado, mmoja katika usafi wa vyumba na mmoja mezani. Ranchi tuliyokuwa ilikuwa na waongoza farasi wanane, na walioomba nafasi hizo walikuwa wengi kupita kiasi, kwa sababu kila kijana aliyewahi kutazama sinema ya kauboi anazitaka. Kwa nafasi za jikoni, vyumba, kuosha vyombo na malezi ya watoto, msimamizi alikuwa bado anatafuta watu mwezi Aprili.

Dada yangu, wewe una miaka miwili ya mkahawa! Hiyo ndiyo sifa yako kubwa na hukuitumia. Mhudumu wa mezani katika ranchi hubeba sinia kwa watu arobaini wanaokula kwa wakati mmoja, anakumbuka nani hali karanga, na anatabasamu siku ya sita kama alivyotabasamu siku ya kwanza, kwa sababu wageni ni wale wale kuanzia Jumapili hadi Jumamosi. Mgeni wa mkahawani ukimkosea anaondoka baada ya saa moja. Huyu utakutana naye tena asubuhi kwenye chai, mchana zizini, na usiku penye moto wa kuni. Waandikie kwamba unajua tofauti hiyo.

Na farasi hutawakosa. Katika ranchi nyingi wafanyakazi wa idara zote huruhusiwa kupanda siku ya mapumziko au mchana kazi inapopungua, farasi wakiwepo. Msichana tuliyeshirikiana chumba alikuwa wa kufua mashuka msimu wa kwanza. Aliamka kila siku saa kumi na moja alfajiri kabla ya zamu yake kwenda kusaidia kuingiza farasi kutoka malishoni na kuwaswaki, bila kuulizwa na mtu, na msimu uliofuata alirudi akiwa mwongoza farasi. Usije ukaandika kwenye barua kwamba unaomba vyumba ili baadaye uhamie zizini. Msimamizi wa vyumba akisoma hivyo atajiona amefanywa ngazi.

Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi vizuri ni maisha yenyewe. Ni siku sita za kazi kwa wiki, Jumamosi ikiwa ngumu kuliko zote kwa sababu vyumba vyote vinabadilishwa siku moja. Mnalala wawili au wanne katika chumba, simu zinashika kwa kubahatisha, na ranchi nyingi za Colorado zipo juu ya mita 2,400, kwa hiyo wiki ya kwanza utapanda ngazi moja uone pumzi inakukimbia. Kunywa maji mengi. Usiku wa Juni baridi yake ni ya kweli. Mimi niliyapenda hayo yote. Mwenzangu tuliyeanza naye aliondoka siku ya tisa, na sikumlaumu.

Karani_wa_Mishahara alijibu:

Niongeze machache kuhusu fedha na karatasi, kwa kuwa hapo ndipo watu hulalamika wakiwa wamechelewa.

Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, lakini majimbo hayalingani. Wyoming hufuata kiwango hicho, ilhali Colorado na Montana zina viwango vyao vya juu zaidi, na Montana hairuhusu bakshishi ihesabiwe kuwa sehemu ya kima cha chini. Kuna pia kifungu katika sheria ya kazi ya mwaka 1938 kinachosamehe baadhi ya maeneo ya burudani yasiyofanya kazi zaidi ya miezi 7 kwa mwaka, yasilazimike kufuata kima cha shirikisho wala malipo ya saa za ziada. Ziko ranchi zinazojihesabu humo, na ndiyo sababu utakuta tangazo linataja mshahara wa mwezi badala ya wa saa. Hilo peke yake si wizi, ila linakutaka uulize maswali manne kabla ya kutia sahihi: mshahara ni kiasi gani kabla ya makato, chakula na malazi ni bure au vinakatwa, bakshishi hugawanywa vipi, na kwa kawaida siku ya kazi ina saa ngapi.

Swali la bakshishi usilionee haya. Katika ranchi nyingi wageni huacha bakshishi moja mwishoni mwa wiki, kisha hugawanywa kwa wafanyakazi wote, wa zizini na wa jikoni. Nyingine humwacha kila mtu na alichopewa mkononi, na hapo mwongoza farasi anaweza kupata mara nyingi zaidi ya muosha vyombo. Ranchi yenye mshahara mdogo na mgawo mzuri inaweza kukuachia akiba kubwa kuliko ile yenye mshahara wa kupendeza.

Kuhusu karatasi: siku ya kwanza utajaza fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba una ruhusa ya kufanya kazi Marekani, na mwajiri anatakiwa kukagua nyaraka zako ndani ya siku 3 za kazi. Kadi yako ya ukaazi inatosha peke yake, lakini iwe halisi, si nakala wala picha ya simu. Nimeona mtu akikaa siku nzima akisubiri bahasha ya posta kwa sababu kadi aliiacha nyumbani. Kodi ya mapato ya jimbo haipo Wyoming, ila Montana na Colorado ipo.

Baraka_wa_Mbali aliuliza:

Samahani kwa kuingilia mada ya dada. Sisi tulio nje ya Marekani tuna njia?

Karani_wa_Mishahara alijibu:

Kwa kanuni zipo njia mbili, ndugu. Ya kwanza ni viza ya J-1 ya kazi na safari za kiangazi, ambayo ni ya wanafunzi wa vyuo walio katika masomo ya muda wote nje ya Marekani. Hudumu miezi isiyozidi 4 na hupitia kwa mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kanuni zake hazikubali kazi za kilimo na ufugaji, kwa hiyo ranchi ya ng'ombe wa biashara haifai. Ranchi inayohesabiwa kuwa mahali pa malazi na mapumziko ndiyo inayoweza kufaa, na hata hapo mdhamini ndiye anayepitisha kazi yenyewe. Ya pili ni viza ya H-2B, ambayo mwajiri ndiye anayeanza kuomba, na idadi yake kisheria ni 66,000 kwa mwaka kwa kazi zote za msimu zisizo za kilimo nchini kote, kwa hiyo ranchi ndogo mara nyingi huikwepa.

Masharti kwa raia wa nchi mbalimbali hubadilika, tena pengine ghafla. Soma tovuti ya ubalozi wa Marekani unaokuhusu kabla ya kumlipa mtu yeyote hata senti. Na mtu akikuambia ulipe ada ili ranchi ikuajiri kwa H-2B, mwache hapo hapo, kwa kuwa kanuni zinakataza mfanyakazi kutozwa fedha za kutafutiwa kazi.

Binti_wa_Mifugo aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na mshauri wangu wa chuo. Ameniambia kwamba naweza kuchukua kozi mbili za mtandao na moja inayoanza Oktoba, kwa hiyo naweza kubaki hadi Septemba 28. Kuna kituo cha farasi umbali wa dakika arobaini kutoka ninapoishi kinachopokea watu wa kujitolea, na naanza wiki ijayo. Nimeamua kufuata ushauri wa Dada wa Jikoni: nitaomba nafasi ya mezani.

Barua nimeianza hivi, ingawa bila shaka nitaituma kwa Kiingereza. Naombeni mnisahihishe bila huruma:

"Kwa heshima na taadhima, naomba kuajiriwa katika ranchi yenu maarufu. Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa na maumbile na wanyama. Mimi ni mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, ninayependa kufanya kazi na watu na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Naamini kuwa ranchi yenu itanipa nafasi ya kukua na kutimiza ndoto yangu ya kuishi katika milima ya Magharibi."

Mzee_wa_Hatamu alijibu:

Umeomba bila huruma, basi vumilia. Barua hii ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kwenda ranchi yoyote, na mimi nikiwa msomaji ningeiweka kwenye lile rundo kubwa. Hakuna tarehe, hakuna mkahawa, hakuna punda. Tena sentensi ya mwisho inaeleza ranchi itakupa nini wewe, wakati mwenye ranchi anatafuta mtu atakayembebea sinia mwezi Septemba.

Jaribu hivi, kisha ubadilishe maneno yawe yako:

"Ninaomba nafasi ya mhudumu wa mezani, na ninaweza kuwa kazini kuanzia Mei 18 hadi Septemba 28 bila kukatiza. Kwa miaka miwili nimehudumu katika mkahawa wenye meza kumi na nne, ambako siku za Jumapili tunakuwa wahudumu wawili tu. Nimelelewa katika familia ya wafugaji, kwa hiyo kuamka kabla ya jua na kufanya kazi kwenye matope si jambo geni kwangu. Sina uzoefu wa kutosha wa kupanda farasi; tangu Novemba ninajitolea kila wiki katika kituo cha farasi, ambako ninajifunza kuwatunza. Nimesoma kwamba kwenu wageni na wafanyakazi hula pamoja mara mbili kwa wiki, na hilo ndilo lililonifanya niwaandikie ninyi."

Sentensi ya mwisho iwe ya kweli kwa kila ranchi, maana yake usome tovuti yao kabla ya kuandika. Ni kazi ya jioni moja kwa kila barua, na ndiyo sababu ningekushauri uandikie ranchi kumi kwa uangalifu kuliko hamsini kwa kunakili. Hesabu ya meza ni mfano tu. Weka ya kwenu.

Baada ya siku kumi bila jibu, piga simu. Piga mchana baada ya chakula, jitambulishe, sema uliandika tarehe fulani na unauliza kama barua ilifika. Usiulize kama umepata kazi. Kwa watu wa kule simu fupi yenye adabu si usumbufu, na sauti yako ndiyo wageni wao watakayoisikia mezani, kwa hiyo wanakusaili bila wewe kujua.

Usaili wenyewe mara nyingi huwa wa simu au wa video. Karibu kila mara watakuuliza kuhusu siku ambayo mteja alikukasirikia, na watakuuliza utafanyaje ukigombana na mtu mnayelala chumba kimoja. Hilo la pili lijibu kwa uzito. Katika ranchi iliyo mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini, ugomvi wa watu wawili unakuwa ugomvi wa wafanyakazi wote kufikia wiki ya pili, na nimeona mtu hodari sana akirudishwa nyumbani Julai kwa sababu hiyo pekee. Pata pia cheti cha huduma ya kwanza kabla ya Januari. Ni darasa la siku moja, na ranchi huwapendelea walio nacho.

Dada_wa_Jikoni alijibu:

Barua ya pili ningeijibu siku hiyo hiyo. Ila mzee wangu, hapo pa "matope" ungepaacha; mhudumu wa mezani na matope wapi na wapi!

Mdogo wangu, usisahau kuuliza sera yao ya pombe na ya wageni binafsi wa wafanyakazi. Ranchi nyingine haziruhusu hata bia chumbani, nyingine hazijali. Vilevile uliza kuhusu chakula kama kuna usichokila. Jikoni wakiambiwa mapema hawana tatizo, wakiambiwa siku unafika wanakasirika.

Mzee_wa_Hatamu alijibu:

Matope yabaki. Hajawahi kupeleka chakula cha mchana mlimani kwa gari la mizigo baada ya mvua, huyo dada yako.

Binti_wa_Mifugo aliandika:

Ninacheka peke yangu maktaba. Matope nimeyaacha yabaki humo.

Nina maswali mawili ya mwisho. Sina gari: je, hilo ni kikwazo? Na ikitokea nimekosa nafasi hadi Machi, nikate tamaa ya msimu huo?

Mzee_wa_Hatamu alijibu:

Kutokuwa na gari si kikwazo, lakini waambie mapema. Ranchi nyingi huwapokea wafanyakazi katika uwanja wa ndege au mji wa karibu kwa siku moja waliyoipanga, na ukifika siku nyingine utajilipia usafiri ambao ni ghali, kama utaupata. Siku za mapumziko utategemea wenzako wenye gari, kwa hiyo wachangie mafuta kabla hawajakuomba.

Machi ikipita, usikae kimya. Wiki mbili za kwanza za Juni kila ranchi hupoteza mtu mmoja au wawili waliogundua kwamba milima si kama walivyoidhania, na hapo anayepiga simu akiwa tayari kusafiri ndani ya siku tatu huchukuliwa. Nafasi nyingine hufunguka katikati ya Agosti, wanafunzi wanapoondoka. Na kama hukuipata hata hiyo, ranchi za Arizona, kuzunguka Wickenburg na Tucson, hufanya msimu wao tangu Oktoba hadi Aprili au Mei, kwa kuwa kiangazi huko joto lake halikaliki. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimaliza Wyoming, ninapumzika wiki mbili, kisha ninashuka kusini.

Jambo moja dogo: nunua viatu mapema, buti zenye kisigino na soli laini isiyo na meno. Kisigino huzuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, na soli laini huuachia mguu utoke haraka farasi akikuangusha. Zivae nyumbani tangu Machi, mpaka zikuzoee. Ukifika Mei na buti mpya, wiki ya kwanza utahudumia meza ukichechemea.